Safu ya Sababu

Mama mkwe wake Fundi aliingia uani saa nne asubuhi, mkono wa kushoto ameubeba kwa mkono wa kulia, kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyemwomba amshikie kidogo. Mfupa ulikuwa umevunjika katikati ya kigasha. Hakulia. Alimtazama mkaza mwanawe aliyekuwa ameinamia cherehani barazani, akasema, "Mwanangu, nipe maji. Kisha twende tukamchukue shemeji yako. Yuko kule bondeni, hanyanyuki."

Fundi aliiacha sketi ya shule palepale, sindano imezama kwenye pindo.

"Nani kakufanya hivi, mama?"

"Kampuni ya miwa. Wamekuja na tingatinga mbili na wanaume wenye marungu. Wakatusomea karatasi. Hawajaimaliza kuisoma, ukuta wa jikoni umeshalala."

Alikunywa maji kwa mikupuo mitatu, akarudisha kikombe, akashukuru kama mgeni. Fundi akachana kitambaa cha sketi ya mtoto wa watu, akaufunga ule mkono shingoni. Akamwomba abaki, yeye aende peke yake. Mama mkwe akamtazama kwa jicho ambalo wakwe wote wanalijua, akatangulia njia.

Toka mjini mpaka bondeni ni mwendo wa nusu saa, unateremka hadi darajani, unavuka, basi. Kabla hata ya daraja walizisikia tingatinga. Walipovuka waliona nyumba saba zimeshakuwa vifusi na ya nane inasukumwa. Wanaume wa kampuni walivaa ovaroli za kijivu na walifanya kazi kwa zamu, kama watu wa ujenzi. Mwanamke mmoja alikuwa anavuta sufuria kutoka kwenye vifusi. Askari wa kampuni akamchapa miguuni mpaka akaiachia, kisha akaipiga teke ile sufuria nayo. Mwanamume mwingine alipigwa hadi rungu likakatika, na yule mpigaji akamgeukia mwenzake, akaomba la kwake. Alipewa.

Shemeji yake Fundi alikuwa kinyozi. Walimkuta mbele ya kibanda chake, kiti cha kunyolea kimemwangukia miguuni, damu nyembamba inamtoka sikioni. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yakitazama kitu.

"Alikosa nini huyu?" Fundi akamuuliza askari aliyekuwa karibu.

"Aliuliza maswali."

"Maswali gani?"

"Eti kitabu gani hicho kilichotajwa kwenye karatasi. Na wewe unauliza?" Akamtandika rungu la mgongo, moja tu, bila hasira, kama mtu anayefunga mlango. Fundi alipiga magoti. Pale chini, ukutani mwa kibanda, aliiona karatasi ya kampuni imebandikwa. Aliibandua, akaitia kifuani. Kisha yeye, mama mkwe mwenye mkono mmoja na mzee mmoja wa jirani wakampakia Kinyozi kwenye toroli la kubebea matofali, wakaanza kupanda kilima.

Baba yake Fundi alikuwa karani wa takwimu za mazao kwa miaka thelathini na mmoja. Kila msimu alizunguka wilaya nzima kwa baiskeli, anapima mashamba kwa kamba na vigingi, anakata mazao ya mraba mmoja, anapima uzito, anakadiria mavuno ya kijiji kizima, anaandika. Watu walimwita Bwana Debe kwa sababu ya debe la kupimia alilolifunga nyuma ya baiskeli. Hata baada ya kustaafu hungeweza kumwambia mvua imenyesha sana. Angekuuliza milimita ngapi. Vitabu vyake vilichukuliwa makao makuu, na miaka michache iliyopita wasomi wa chuo kikuu walikuja kumwambia kwamba mtu yeyote anayetaka kujua wilaya hii ilivuna nini zamani hana pa kwenda ila kwenye mwandiko wake. Barua yao ilitundikwa ndani ya fremu sebuleni kwake, ambako Fundi na familia yake waliishi naye. Katika nyumba ile ungeweza kufanyia mzaha kitu chochote, hata kipara cha mwenye nyumba, lakini si Kitabu.

Jumatatu hiyo saa tisa mchana walikuwa wote uani. Kinyozi alilazwa hospitali, hajitambui. Mama mkwe alikuwa amefungwa plasta. Dereva, mumewe Fundi, aliyekuwa akiendesha trekta la kukodisha, alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka wodini. Aliisoma karatasi kwa sauti, akiwa amesimama.

"'Kwa mujibu wa Kitabu cha Mazao cha wilaya, bonde la ng'ambo ya mto liliandikwa magunia sifuri kwa misimu mitatu mfululizo. Ardhi isiyovunwa misimu mitatu mfululizo ni pori. Wakazi waliopo ni wavamizi. Mwenye pingamizi afike Baraza la Ardhi, Alhamisi.'" Akaikunja. "Na hapa chini wameweka nakala ya ukurasa wa miaka thelathini na minane iliyopita. Baba, huu ni mwandiko wako."

Bwana Debe alivaa miwani, akautazama ukurasa muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

"Ni wangu," akasema.

Mama mkwe akacheka, kisha akagumia, maana kicheko kilimtikisa mkono. "Sifuri? Miaka ipi hiyo? Thelathini na minane iliyopita? Mkwe, mwaka ule ndio niliojifungua huyu mwanangu dereva. Mtama ulikuwa umenipita kimo. Tulikosa pa kuuweka, tukalala nao chumbani! Ulikosea mstari, mkwe. Sema tu ulikosea mstari."

"Kitabu hakina makosa," akasema Bwana Debe.

Fundi alimtazama baba yake. Alikuwa na miaka minane alipofundishwa kusoma Kitabu, amekaa mapajani pa baba. Kuna kistari na kuna sifuri, baba alimwambia. Kistari maana yake sijui: sikufika, sikupima. Sifuri maana yake nimekwenda, nimepima, sikukuta kitu. Karani anayevichanganya hivi viwili ni mwongo, na afadhali akauze karanga.

"Baba," akasema, "ulikwenda bondeni miaka hiyo?"

"Nilikwenda."

"Misimu yote mitatu?"

"Nimesema nilikwenda!"

Dereva alimfikia kwa hatua mbili. Alimkamata kola, akamsukumiza ukutani, mara ya kwanza, mara ya pili, kichwa cha mzee kikagonga tofali. "Mdogo wangu anakufa!" alipiga kelele. "Anakufa kwa sababu ya sifuri yako, na wewe unanikazia macho?" Akamzaba kofi. Meno ya bandia ya Bwana Debe, yale ya juu, yalimtoka, yakaanguka kwenye vumbi. Fundi alikuwa ameshachukua mkasi wa kukatia vitambaa bila kujua ameuchukua saa ngapi. Alimwelekezea mumewe shingoni.

"Mwachie," akasema. "Mwachie, ama nitakuchoma, na nitakulilia baadaye."

Dereva alimwachia. Wote wakihema, aliyesogea ni mama mkwe. Aliinama kwa shida, akayaokota yale meno kwa mkono wake mzima. Alimtazama Bwana Debe, mdomo umebonyea mbele pale palipokuwa na pengo, na midomo bila meno ikimfanya mtu mwingine kabisa.

"Ni wewe," akasema taratibu. "Yule mtu wa kofia."

Bwana Debe alinyoosha mkono apewe meno yake.

"Nilikupiga kwa mpini wa jembe," akasema mama mkwe. "Kofia ilikushuka hadi puani na damu ikakujaa uso. Sikuuona uso wako, ila mdomo tu, meno ya mbele yameng'oka hivi hivi. Nilidhani wewe ni mtu wa kupora mashamba. Unaingia shambani kwangu, unachomeka vigingi, unavuta kamba, unaanza kunikatia mtama! Bila hodi!"

"Nilipiga hodi," akasema Bwana Debe, na sauti yake bila meno ilikuwa ya mtoto. "Hukusikia. Mtoto alikuwa analia."

Mtoto huyo alikuwa Dereva. Wote walilijua hilo wakati mmoja.

Jumanne Dereva alilala hospitalini kwa mdogo wake. Jumatano asubuhi, watoto wakiwa shuleni na mama mkwe yuko wodini, Fundi alimfuata baba yake sebuleni. Alikuwa amekaa chini ya barua ya wasomi, ameshika tama.

"Niambie yote," akasema Fundi. "Mimi si polisi, mimi mwanao."

Akamwambia. Kwamba siku ile mwanamke alipompiga, mumewe na majirani walikuja na kumalizia. Walimfunga kwa kamba yake mwenyewe ya kupimia, wakambingirisha mpaka mtoni. Alitoka kwenye maji kwa magoti. Mjini aliwaambia watu ameanguka na baiskeli.

"Kwa nini hukusema ukweli?"

"Wangepelekwa askari. Enzi zile askari wakivuka daraja hawarudi bila kuchoma moto. Ningewaunguzia nyumba."

"Sasa zimebomolewa."

Bwana Debe alifumba macho. Fundi aliona amemchoma, akasikia uchungu, lakini hakurudi nyuma.

"Nakubali uliwasitiri," akasema. "Sawa. Ungeweka kistari. Sikufika. Basi."

"Kistari kina safu yake, mwanangu. Umesahau? Ukiweka kistari lazima ujaze safu ya mwisho, safu ya sababu. Daraja limevunjika. Ugonjwa. Mafuriko. Na bosi anafuatilia. Mimi ningeandika nini? 'Mpimaji kapigwa na mwanamke mwenye mtoto mgongoni'? Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Ofisi nzima ingekufa kwa kicheko. Sifuri haidaiwi sababu. Unaiandika, unafunga kitabu, unakwenda kunywa chai."

"Na msimu wa pili?"

"Nilifika darajani. Nikasikia mtu anapiga mluzi ng'ambo, nikageuza baiskeli."

"Wa tatu?"

"Wa tatu hata darajani sikufika." Kisha akasema lile alilolificha kuliko yote. "Na nilifurahi. Usimwambie mtu. Nilipoiandika ile sifuri ya kwanza, kinywa kinaniuma, nilisema moyoni: haya, mmeniona mimi si kitu, na nyinyi si kitu. Nikaikoleza kwa wino."

Fundi alimhurumia na alimchukia, yote mawili kwa wakati mmoja, na alishindwa kujua lipi lianze.

"Ulimjua lini kuwa ni mama mkwe wangu?"

"Siku waliyokuja kukuposa. Nilimtambua kwa sauti. Nikameza. Kijana wake alikuwa mtu mwema na wewe ulikuwa umemng'ang'ania, humtaki mwingine. Ningesema nini?"

"Kuna jingine?" Fundi akauliza, kwa kuwa alimjua baba yake, na miguu ya mzee ilikuwa haitulii.

Kulikuwa na jingine. Mwaka jana walikuja mabwana wawili, tai shingoni, heshima tele. Walimwita profesa. Walikuwa na nakala ya kurasa zile tatu, wakamwomba athibitishe tu kwamba kitabu ni chake na ni sahihi. Alitia saini. Hawakumwambia ni wa kampuni, na yeye hakuuliza.

"Kama ungeuliza, ungekataa?"

"Sijui," akasema Bwana Debe.

"Kesho utasema barazani."

"Nikisema hizi tatu ni za uongo, watauliza za miaka mingine. Miaka thelathini na mmoja, mwanangu. Jua, mvua, nzige. Zile nyingine zote ni za kweli, naapa. Nani ataziamini?"

"Sijui, baba. Lakini mama mkwe wangu hana pa kulala."

Bwana Debe aliinua macho kwenye fremu, akaitazama barua. Hakuahidi kitu. Lakini mchana ule alimwomba Fundi ampigie pasi shati jeupe.

Kinyozi alikufa Alhamisi alfajiri. Saa tatu asubuhi, baraza lilipoanza, Dereva alikuja ukumbini akiwa bado na shati lililolowa maji ya kuoshea maiti ya mdogo wake, akasimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Fundi alimtafuta kwa macho. Dereva hakumtazama.

Ukumbi ulijaa watu wa bondeni: vichwa vilivyofungwa bandeji, macho yaliyovimba, mwanamke wa sufuria ameinua mguu kwenye benchi. Askari wa kampuni walisimama nje madirishani, wanakula mua. Mbele alikaa mwenyekiti wa baraza na karani wake, na mezani palikuwa na Kitabu chenyewe, kilicholetwa toka makao makuu. Bwana Debe alipokiona aliachia tabasamu dogo, akalificha.

Wakili wa kampuni alikuwa mwanamume mpole, sauti ya kubembeleza.

"Mzee wetu, huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Na hapa, bonde la ng'ambo, uliandika nini?"

"Sifuri."

"Tufundishe sisi tusiojua. Sifuri maana yake nini?"

"Nilikwenda, nikapima, sikukuta kitu."

"Ahsante sana, mzee." Wakili akamgeukia mwenyekiti, ameshaanza kukusanya karatasi zake.

"Lakini sikwenda," akasema Bwana Debe.

Ukumbi ukavuma. Mwenyekiti akagonga meza. Wakili akarudi, upole umepungua.

"Mwaka jana ulitia saini hapa kwamba kurasa hizi ni sahihi."

"Nilitia. Nilidanganya mara ya pili."

"Sawa. Basi turekebishe. Kama si sifuri, ni ngapi? Baraza haliwezi kuandika hewa. Magunia mangapi?"

"Elfu tatu!" akapaza mtu wa bondeni. "Elfu nne! Sema elfu nne, mzee!" Wengine wakaitikia, ukumbi ukawa mnada. Bwana Debe angeweza kusema. Neno lake lingetosha. Ndiye aliyekuwa mjuzi, na hakuna aliyebaki hai wa kumpinga. Fundi mwenyewe aliomba kimoyomoyo aseme elfu nne yaishe.

"Sijui," akasema Bwana Debe. "Nilikuwa sijapima. Mraba wenyewe nilikuwa nimeukata nusu. Mstari huu nimeshaudanganya mara mbili, siudanganyi ya tatu. Futeni sifuri, wekeni kistari."

"Msaliti!" akapiga kelele mwanamke wa sufuria.

Karani wa baraza, binti mwenye kalamu tayari, aliinua kichwa. Alikuwa anazijua kanuni. "Kistari kinataka sababu, babu. Safu ya mwisho. Niandike nini?"

Bwana Debe alishika ukingo wa meza. Masikio yalimwiva. Fundi alimwona anavyozeeka pale pale mbele ya watu.

"Msimu wa kwanza, andika: mpimaji alipigwa na mwanamke mwenye mtoto mgongoni, akiwa anakata mtama wa huyo mwanamke shambani."

Kilianza kicheko kimoja dirishani, cha askari wa kampuni mwenye mua mdomoni. Kikaingia ndani, kikasambaa kwenye mabenchi, mpaka mwenyekiti akafunika mdomo kwa faili. Ndicho kicheko alichokikimbia miaka thelathini na minane, kikampata na shati lake jeupe.

"Wa pili na wa tatu?" akauliza karani, yeye pekee hakucheka.

"Mpimaji aliogopa."

Mama mkwe alisimama na plasta yake. "Mwanamke mwenyewe ni mimi," akasema. "Kama kuna kosa la kumpiga mtu wa serikali, nipo. Na mtama ulikuwepo. Yeye mwenyewe anasema alikuwa anaukata. Porini hauoti mtama wa mistari."

Wakili aliruka kwa maneno mengi, lakini mwenyekiti alikuwa ameshafungua sheria. Sheria ilisema misimu mitatu ya sifuri. Kistari si sifuri. Tingatinga zisimame, watu warudi kwenye viwanja vyao, kampuni ikitaka ianze kesi upya. Akagonga meza. Watu wa bondeni wakainuka kwa shangwe, mwanamke wa sufuria akampigia vigelegele yule yule aliyemwita msaliti, na Fundi akalia kwa furaha, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Hakumwona mumewe akija. Dereva alipita katikati ya shangwe, benchi dogo la mbao mkononi, na watu wakampisha wakidhani anakwenda kumkalisha mzee.

"Mwaka jana," akamwambia Bwana Debe. "Mwaka jana walikuja kwako. Ungesema haya mwaka jana, mdogo wangu angekuwa ananyoa watu sasa hivi."

"Kweli, mwanangu," akasema Bwana Debe.

Benchi lilimpata begani, pigo la pili likampata mbavuni, akaanguka. Dereva alimpiga akiwa chini, akilia kwa sauti kubwa, kila pigo na jina la mdogo wake. Na waliokuwa wakishangilia walisimama, wakakumbuka nao nyumba zao, miguu yao, na maiti yao. Mmoja akamkanyaga mzee mkono wa kuume, mwingine akaleta teke. Sitasema walikuwa watu wabaya. Walikuwa na marungu ya siku tatu mwilini, na aliyewapiga alikuwa nje na silaha, na huyu alikuwa chini. Askari wa kampuni waliangalia dirishani, wakaendelea na mua wao.

Fundi aling'ata mkono wa mumewe mpaka akaonja damu. Alisukumwa, akaangukia kona ya meza, akanyanyuka, akajilaza juu ya baba yake kifudifudi. Mama mkwe akaja akalala juu yao wote wawili, plasta na yote. Hapo ndipo waliacha.

Jumamosi mchana polisi alikuja wodini na fomu yake. Bwana Debe alikuwa hai. Mbavu nne zilivunjika, jicho moja limefunga, mkono wa kuume umekuwa kama glavu iliyojazwa maji. Daktari alisema hatashika kalamu tena. Mama mkwe alikaa upande wa pili wa kitanda. Alikuwa amemzika mwanawe jana yake, bondeni, kwenye kiwanja chake mwenyewe, mbele ya nyumba ambayo haipo.

Kabla polisi hajaingia, alimshika Fundi mkono. "Mwanangu," alisema, "nimebaki na mmoja." Na yule mmoja alikuwa pale nje koridoni, amesimama na chupa ya uji aliyomletea mzee, hajui aingie au asiingie. Alikuwa hajala siku mbili. Alfajiri alimwambia Fundi kwamba hajui mikono yake ilitoka wapi siku ile, na Fundi alimwamini. Alimpenda. Miaka kumi na miwili ya ndoa alikuwa hajawahi kumwinulia hata sauti.

"Mzee," akasema polisi, "naambiwa walikuwa wengi. Mimi nataka wa kwanza. Nani aliyeanza?"

Bwana Debe aligeuza jicho moja lililokuwa zima, likapita mlangoni, likarudi.

"Sikumwona," akasema.

"Hata umbo?"

"Kulikuwa na watu. Sikuona kitu."

Polisi akashusha pumzi, akaweka kalamu kwenye fomu aandike. Mama mkwe alifumba macho kwa shukrani. Na Fundi akaona jinsi ilivyo rahisi. Neno moja, kila mtu anakwenda nyumbani, watoto wanamkuta baba yao mezani.

"Alimwona," akasema. "Ni mume wangu. Dereva. Alimpiga kwa benchi."

"Mwanangu," akanong'ona Bwana Debe. "Nimekwisha kusema. Acha ibaki hivyo."

"Haitabaki, baba. Itatukuta mbele."

Polisi alimtazama, akamtazama mama mkwe, akakuna shingo. Alikuwa mtu mzima na alitaka kwenda kula. "Una hakika, mama? Nikiandika sifuti."

"Andika. Yuko hapo nje."

Polisi akaandika, akaichomoa pingu kiunoni. Fundi alibaki ameshika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili. Alitaka mama mkwe amtukane, ampige hata kwa ile plasta, angepokea.

Mama mkwe hakumtazama. Aliinuka, akamtangulia polisi mlangoni, akaenda kusimama mbele ya mwanawe, na kwa mkono wake mzima akapokea chupa.

"Nipe hii," akamwambia, "utaimwaga."